Mlima ulitushinda, mto ukatusemesha

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali. Mara ya mwisho wewe na mwenzako mmekaa siku nzima pamoja bila simu, bila TV na bila wageni ilikuwa lini? Kama umeanza kujikuna kichwa, usijali, tuko wengi.

Mimi na mume wangu tuna ndoa ya miaka sita, na minne kati ya hiyo tumeiishi kwenye simu. Yeye ni mhandisi, kazi yake iko mgodini huko Kanda ya Ziwa. Mimi niko Dar na jarida hili ulilolishika mkononi. Tunaonana mara moja kwa mwezi, na mwezi wenye neema mara mbili. Mashoga zangu wanaiita "ndoa ya vocha". Nacheka nao, halafu nikifika nyumbani na kukuta sahani moja kwenye beseni la vyombo, kicheko kinakata.

Tulipotaka kusherehekea miaka sita, mimi nilisema Zanzibar. Nilishachagua hadi gauni. Mwenzangu akanitazama kwenye simu ile ya video, akasema, "Mama, tukienda Zanzibar tutalala siku zote tatu. Twende mahali ambapo tutatembea." Siku mbili baadaye akanitumia picha ya mlima wa kijivu, umechongoka kama chungu kilichopinduliwa, na chini yake maneno mawili: "Ol Doinyo Lengai."

Kwa Kimaasai jina hilo maana yake ni Mlima wa Mungu. Wamasai huenda huko kuomba mvua, mifugo na watoto. Sisi tulikwenda tukiwa na maombi yetu, ila hakuna aliyekuwa tayari kuyataja.

Vumbi, miiba na shimo la Mungu

Tulikutana Arusha Alhamisi jioni, mimi nikitokea Dar na yeye Mwanza. Alfajiri tukapanda Land Cruiser ya kukodi kuelekea Mto wa Mbu, kisha tukakata kulia kufuata ukuta wa Bonde la Ufa. Kuanzia hapo kipande kikubwa ni vumbi. Sio vumbi la kufuta na kitambaa, ni vumbi la kula. Tulipofika Engaruka nilikuwa na nywele za bibi yangu.

Engaruka yenyewe si ya kupita hivi hivi. Chini ya ukuta wa bonde kuna mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe ya watu waliolima kwa umwagiliaji karne kadhaa zilizopita, kabla ya kuondoka na kuacha kila kitu. Nilisimama pale nikijiuliza, watu wanaochimba mfereji wa mawe kwa mikono wanaamkaje siku moja na kuamua kuhama?

Baada ya hapo nchi inabadilika kila nusu saa. Kwanza migunga iliyotawanyika na mbuzi wanaosimama kwa miguu miwili kufikia majani. Halafu uwanda mtupu, majani ya rangi ya simba, na punda wamebeba madumu ya maji. Halafu vilima vidogo vya majivu, vya duara, vingine vimetoboka juu. Kando ya barabara kuna shimo kubwa la volkano ambalo wenyeji wanaliita Shimo la Mungu. Dereva alisimamisha gari, tukasogea ukingoni. Upepo ulikuwa unatoka chini kwenda juu. Mume wangu alinishika mkono, nami nikakumbuka kwamba ilikuwa mara ya kwanza anishike mkono tangu tushuke uwanja wa ndege. Unaona? Ukiishi kwenye simu, mikono nayo inasahau.

Kushoto tukauona Kerimasi, mlima wa volkano uliokwishalala. Mbele yake, peke yake, akasimama Lengai. Kwenye picha nilidhani ni theluji ile nyeupe iliyo kileleni. Sio theluji. Lengai ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kuwa hai inayotoa lava ya aina yake, yenye magadi mengi na silika kidogo sana. Inatoka nyeusi, laini kama oili chafu, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu tu ya joto la lava za kawaida. Ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Kwa hiyo weupe ule ni magadi yaliyomwagwa na mlima wenyewe.

Na mlima huo haujalala. Julai 2007 ardhi ya eneo lile ilitetemeka kwa wiki kadhaa, na Septemba mwaka huo huo Lengai ukalipuka. Majivu yaliruka hadi mwaka 2008. Ukimaliza kusoma sentensi hiyo utaelewa kwa nini mama yangu mzazi sikumwambia ninakokwenda.

Swali la kiongozi

Tulipiga hema kijijini Ngare Sero, kusini mwa Ziwa Natron. Joto la pale mchana halina mfano. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 600 hivi tu, limezungukwa na kuta za mawe, na upepo wake ni kama umefungua oveni.

Jioni alikuja kiongozi wetu, kijana wa Kimasai, mpole, shuka begani na buti za kisasa miguuni. Akatueleza utaratibu. Kuondoka kambini saa tano usiku, kuanza kupanda saa sita, ili kufika juu alfajiri na kushuka kabla jua halijawa kali. Maji lita nne kila mtu. Fimbo. Tochi ya kichwani. Kilele kiko karibu mita 2,960, na hakuna njia ya kuzunguka zunguka kama Kilimanjaro. Ni kupandisha moja kwa moja, na sehemu za juu mteremko unafika nyuzi 45.

Halafu akauliza, "Kaka, dada, kuna mwenye presha? Pumu? Magoti? Moyo?"

"Hakuna," akajibu mume wangu, haraka.

Nami nikasema hakuna. Naomba uliweke jibu hilo akilini.

Gizani

Sitakudanganya kwamba nilifurahia. Saa ya kwanza tulipita kwenye majani marefu kuliko mimi, yakinikwangua mikono. Saa ya pili majani yakaisha, tukaingia kwenye makorongo ya majivu. Unapiga hatua mbili mbele, unarudi moja. Kisha majivu yakaisha, ukaanza mwamba uliogandamana, mgumu kama zege, una nyufa kila mahali. Hapo ndipo mikono ikaanza kufanya kazi ya miguu. Nyuma yetu giza tupu, na mbali chini taa mbili tatu za kijijini. Juu, nyota nyingi hadi nikaona aibu kwa jinsi ninavyoishi Dar bila kutazama angani.

Mimi, niliyetaka Zanzibar, nilikuwa naenda vizuri. Mazoezi yangu ya Jumamosi ya kukimbia yalikuwa yananilipa. Kwa siri nilishaanza kutunga aya ya kwanza ya makala haya: mhariri kileleni, jua likichomoza, mume pembeni.

Kama saa tisa na nusu hivi, kwenye kimo kiongozi alichokadiria kuwa mita 2,300, mume wangu akakaa chini. Sio kukaa kwa kupumzika. Alikaa kama gunia lililowekwa chini. Nikamwangazia tochi. Jasho lilikuwa linamtiririka, na kulikuwa na baridi.

"Kichwa," akasema. "Kinagonga."

Kiongozi akachuchumaa mbele yake. Akamshika mkono, akamtazama kwa utulivu, akarudia lile swali lake la jioni. Kimya. Halafu mume wangu akasema, sio kwangu, kwa yule kijana: "Nina presha. Niliambiwa mwezi wa nne. Dawa nimeziacha chini."

Mwezi wa nne. Na sisi tulikuwa mwezi wa nane. Miezi minne nimeongea na mtu huyu kila usiku. Nimejua bei ya samaki mgodini, nimejua jina la paka wa jirani yake, na sikujua kwamba daktari amemwambia moyo wake unafanya kazi kuliko inavyotakiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini kwenye simu, mama? Ungelia tu, na mimi ningekuwa huku."

Nilikasirika, msomaji. Nilikasirika kiasi kwamba niliogopa. Na naona aibu kulisema hili, lakini sehemu ya hasira ile haikuwa ya presha. Ilikuwa ya kilele. Nilitazama juu nikaona ukingo mweusi umekata nyota, nikaona uko karibu. Kulikuwa na msaidizi wa kiongozi, angeweza kushuka naye, mimi nikaendelea. Mume wangu mwenyewe akalisema: "Nenda. Mtakuja kunikuta chini."

Nikasimama pale, labda dakika tatu. Nikifikiria ni mara ngapi ameshaniambia "nenda", nami nikaenda. Kozi ya miezi sita Nairobi, nenda. Uhariri wa jarida, nenda, tutazoeana. Kila mara alisema kwa sauti ile ile, na kila mara niliichukulia kama ruhusa bila kuuliza imemgharimu nini.

Nikamwangalia kiongozi. Akasema, "Dada, mlima huu ulikuwepo jana na kesho upo. Mtu akiumwa, tunashuka. Hapa hatuendi kwa ubishi."

Tukashuka wote wanne.

Kushuka Lengai usiku ni kugumu kuliko kupanda. Tulishuka kwa makalio, kwa magoti, kwa kushikana mikanda. Hatukusemeshana ila kwa yaliyo lazima: shika hapa, angalia jiwe, kunywa maji. Jua lilitukuta chini kabisa ya mlima. Upande wa mashariki Gelai ulikuwa mweusi, na Ziwa Natron likaanza kuonekana kama kipande cha kioo, likawa zambarau, likawa la pinki. Ni mandhari ya kufa mtu, na mimi niliitazama nikiwa nimevimba mdomo.

Mtoni

Alipomeza dawa, mume wangu alilala hadi saa saba mchana. Alipoamka kichwa kilikuwa kimepoa. Mimi sikulala. Saa tisa na nusu kiongozi akaja na pendekezo. Karibu na kambi kuna mto wa Ngare Sero, unatoka nyanda za juu za Ngorongoro na kukata ukuta wa Bonde la Ufa. Ukiufuata korongoni, taratibu, chini ya saa moja unafika kwenye maporomoko. "Hakuna kupanda sana," akasema, akimtazama mume wangu. "Kulowa tu."

Engare kwa Kimaasai ni maji, na baada ya siku mbili za majivu nilielewa kwa nini mahali papewe jina hilo. Unaanza kwenye jangwa: mawe meusi, miiba, ardhi iliyopasuka. Unaingia mlango wa korongo, na ghafla kuna kijani. Kuta zimepanda juu pande zote mbili, na kwenye nyufa za mwamba imeota miti jamii ya mnazi, imening'inia kama mapambo ya harusi. Maji yanatoka pia kwenye ukuta wenyewe, vijito vyembamba vinavyobubujika kutoka kwenye jiwe. Unavuka mto mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji magotini, kisha mapajani. Mimi nimezaliwa Dodoma, maji yanayokwenda mbio siyawezi. Yeye kakulia ziwani. Kila tulipovuka alitangulia, akageuka, akanyoosha mkono. Bado nilikuwa nimenuna, lakini mkono nikaushika.

Mwisho wa korongo maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba hadi kwenye dimbwi, baridi ya kukata pumzi. Kiongozi akatuacha, akaenda kukaa mbali na fimbo yake. Nadhani alikwishaona wanandoa wengi.

Tukakaa chini ya maporomoko, nguo mwilini, tukitetemeka. Mume wangu akasema, "Nisamehe. Nilitaka nipande hadi juu ili nijihakikishie kwamba siumwi."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kwa sababu na mimi nilikuwa nayo ya kwangu.

Mwaka uliotangulia kituo kimoja cha redio Mwanza kilinipa kazi. Mshahara ulipungua kidogo, lakini ni saa chache za barabara kutoka kwake. Nilikaa na barua ile wiki mbili. Nikaikataa, na sikumwambia. Nilijiambia naogopa kuanza upya. Ukweli ni kwamba nililipenda jina langu ukurasa wa kwanza kuliko nilivyopenda kukuta sahani mbili kwenye beseni, na sikutaka mtu ajue, hata yeye. Hasa yeye.

Nikamwambia pale pale, kwa kupaza sauti, maana maporomoko yalikuwa yanapiga kelele. Si maneno ya kunong'ona hayo, na labda ndiyo maana nikaweza kuyasema. Kwenye simu ningechagua maneno. Pale ilibidi nipige kelele: "NILIPATA KAZI MWANZA NIKAIKATAA!"

Akakaa kimya muda mrefu. Akaokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine. Mwishowe akasema, "Basi tumelingana." Hakucheka. Baadaye kidogo akaongeza, "Ile iliniuma kuliko kichwa cha usiku." Sikuwa na la kujibu. Nilibaki nimemshika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Nyayo

Asubuhi ya mwisho, kabla ya safari ya vumbi, kiongozi alitupeleka kuona nyayo. Si mbali na kijiji kuna uwanja wa tope la majivu ya volkano lililogeuka jiwe, na juu yake nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba zina umri wa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Watafiti waliona kundi la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na kwa makadirio yao 14 ni wanawake. Huenda walikuwa wakitafuta chakula.

Nilichutama, nikapima unyayo mmoja kwa macho. Namba yangu kabisa. Mama huyo alipita hapa miguu peku, tope likiwa bichi, akiwa na wenzake, na hakuna aliyemwambia mwenzake "nenda, utanikuta". Au labda alimwambia. Nyayo hazisemi. Lakini zinaonyesha nani alitembea na nani.

Tumefikia wapi? Sitakuandikia mwisho wa sinema. Kazi ya Mwanza ilishapata mtu. Mimi bado niko Dar, yeye bado yuko mgodini. Ila tumewekeana tarehe. Mkataba wake unaisha Juni, na kabla ya hapo mmoja wetu atahama. Nani, tunaendelea kubishana, lakini tunabishana kwa sauti. Kila asubuhi ananitumia namba mbili za presha kabla hata ya salamu. Jumatatu iliyopita ilikuwa 128 kwa 82. Sijawahi kupokea mesej ya mapenzi iliyonifurahisha kama hiyo.

Na daktari akiruhusu, tutarudi Lengai. Kilele bado kina deni langu.

Ukitaka kwenda na wako

Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mvua zikinyesha, barabara ya makorongo inakatika na mlima unateleza.

Usipande bila kiongozi wa pale pale Ngare Sero, na uliza hali ya mlima kabla ya kufunga safari, kwa sababu volkano ni hai. Hakikisheni mna viongozi wawili, ili mmoja wenu akishindwa asibaki peke yake gizani.

Beba pesa taslimu za mageti ya vijiji, maji mengi, koti la upepo, glavu za kushikia mwamba, na viatu vya pili vya kulowesha mtoni.

Heroe, wale ndege wa pinki tunaowaita flamingo, watazame kwa mbali. Takribani robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima wanazaliwa Natron, na wakishtuliwa wanaweza kuacha mayai.

Na kiongozi akiuliza kuhusu presha, pumu, magoti na moyo, jibuni ukweli. Mwenzako akiuliza, vivyo hivyo.